Kabla Hujalipia Mashine ya Mawimbi

Mtu akiteguka kifundo cha mguu uwanjani, au akianguka na bodaboda goti likavimba, siku hizi safari yake mara nyingi huishia kwenye kitanda cha fiziotherapia. Pale hupakwa jeli ya baridi, kisha kichwa cha chuma cha mashine ndogo huzungushwa juu ya ngozi kwa dakika chache. Haumii, wala hasikii mlio wowote. Anaambiwa arudi keshokutwa, kisha wiki ijayo, mpaka kadi ya mahudhurio ijae. Makala haya ni ya mtu huyo, na ya ndugu anayemlipia. Nataka ajue mashine ile inafanya nini, inasaidia wapi na inashindwa wapi, ili fedha yake na wiki zake zisiende bure.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa majeraha mengi ya kano na misuli, mashine hii ni msaidizi mdogo, na mara nyingi hata usaidizi huo haujathibitika. Kinachourudisha mguu kazini ni mguu wenyewe kupewa kazi, kidogo kidogo na kwa mpangilio.

Wengi wetu tuliijua altrasaundi kupitia wajawazito. Ile ya kliniki ya uzazi hutuma mawimbi ya sauti mwilini, hupokea mwangwi wake na kuuchora kuwa picha. Hii ya fiziotherapia haipokei chochote wala haichori. Hutuma mawimbi yenye nguvu zaidi ili yaitikise nyama ya ndani na, ikihitajika, yaipashe joto. Kwa hiyo usitarajie mtaalamu aone kupitia mashine hiyo kama kano imekatika au mfupa umepasuka. Wapo wanaosema, "Nilishapigwa altrasaundi ya mguu, hawakuona kitu," kumbe hakuna aliyekuwa akitazama. Kama kuna wasiwasi wa kuvunjika, kinachotakiwa ni eksirei.

Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kichwa cha mashine hii hutetema mara milioni moja au milioni tatu kwa sekunde, yaani megahezi 1 au 3. Ndani yake mna fuwele ambayo ikipitishiwa umeme hutanuka na kusinyaa kwa kasi hiyo, tabia iliyojulikana baada ya ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, kugundua mwaka 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa mwingine, Paul Langevin, alikuwa akitafuta namna ya kuzigundua nyambizi chini ya bahari kwa kutumia mawimbi haya. Katika majaribio yake aliona samaki waliopita mbele ya mawimbi makali wakifa. Hapo ikadhihirika kwamba sauti isiyosikika inaweza kuugusa mwili ulio hai, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 madaktari wa Ujerumani walikuwa wameanza kuitumia kutibu.

Mashine ina namna mbili za kufanya kazi, na ni vizuri uzijue kwa sababu ndizo zinazotenganisha tiba sahihi na madhara. Ya kwanza ni mawimbi mfululizo, ambayo hupasha joto. Joto hilo hulegeza kwa muda kovu au kano iliyokakamaa, na faida yake hudumu dakika chache tu. Kama lengo ni kunyoosha kiungo kilichoganda baada ya kufunguliwa plasta, basi kinyooshwe wakati uleule au mara tu kichwa kinapoondolewa. Mgonjwa anayepashwa joto kisha akaachwa alale nusu saa akisubiri zamu ya mashine nyingine amekwisha kuikosa faida yenyewe. Namna ya pili ni mawimbi ya vipande, yanayowaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde ili joto lisijikusanye. Hii ndiyo hutumika jeraha likiwa bado bichi, kwa matumaini kwamba mtikisiko utazichangamsha seli zinazojenga upya nyama iliyochanika. Maabara zimeonyesha kwamba seli zilizowekwa kwenye chombo huitikia kweli. Lakini mtu si seli kwenye chombo, na hapo ndipo hoja nzima inapoanzia.

Ili kujua kama tiba ina nguvu yake yenyewe, watafiti hugawa wagonjwa makundi mawili bila kuchagua. Kundi moja hupata mashine iliyowashwa, jingine hupakwa jeli ileile na kuzungushiwa kichwa kilekile, ila mashine imezimwa kimyakimya. Tiba chache zinapimika kwa urahisi namna hii, kwa kuwa altrasaundi haina mlio na mara nyingi haina hisia. Mgonjwa hawezi kutambua yuko kundi gani. Mwaka 2001 Valma Robertson na Kerry Baker walichapisha katika jarida la Physical Therapy mapitio ya majaribio 35 ya aina hiyo. Yaliyofanywa kwa umakini wa kutosha yalikuwa 10 tu, na katika hayo 10, mawili ndiyo yaliyoonyesha mashine iliyowashwa ikiishinda iliyozimwa.

Kuhusu kifundo cha mguu kilichoteguka, jeraha ambalo bila shaka huwapeleka wengi kwenye mashine hii, Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchuja majaribio ya tiba, ulitoa mapitio yake mwaka 2011. Majaribio sita, watu 606. Hakuna jaribio lililolinganisha mashine halisi na ya kuigiza ambalo lilionyesha tofauti ya maana katika kupona kwa jumla. Waliozimiwa mashine walipona pia, kwa sababu kano iliyoteguka hupona. Huu ndio ukweli ninaoomba uukumbuke mtu anapokuambia, "Mimi nilipigwa mawimbi mara kumi nikapona." Alipona, na hadanganyi. Ila angepona.

Maumivu ya mgongo wa chini nayo hayana habari njema hapa. Mwaka 2016 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliwaelekeza watoa huduma wasiwape wagonjwa wa mgongo altrasaundi, pamoja na wale ambao maumivu yao hushuka mguuni. Kwa goti lililochakaa kwa umri kuna dalili za nafuu kidogo, lakini zimetoka kwenye majaribio madogo na hazijatosha kuaminiwa.

Haki ni kutaja pia pale ambapo mashine imeonyesha uwezo. Wapo watu ambao chokaa hujijenga ndani ya kano za bega, mkono ukashindwa kuinuka bila maumivu makali. Gerold Ebenbichler na wenzake mjini Vienna walichapisha mwaka 1999 jaribio ambamo wagonjwa wa namna hiyo walipata vipindi 24 vya altrasaundi ya vipande, kila kipindi dakika 15. Mwisho wa tiba, chokaa ilikuwa imetoweka kabisa katika mabega 19 kati ya kila 100, ilhali kwa waliopata mashine ya kuigiza haikutoweka hata kwa mmoja. Maumivu yao pia yalipungua zaidi. Hata hivyo, baada ya miezi tisa makundi mawili yalikuwa yamekaribiana katika maumivu na matumizi ya mkono. Mtu anayekosa usingizi kwa bega anaweza kuona nafuu ya mapema kuwa na thamani kubwa, nami sitambishia. Lakini uone masharti yake: ugonjwa uliothibitishwa kwa eksirei, kipimo kinachojulikana, dakika 15 kamili, vipindi vingi. Si dakika tano za kupitisha mkono.

Nikae kidogo kwenye mifupa iliyovunjika, kwa kuwa hapa familia huingia gharama kubwa. Ipo altrasaundi ya aina ya pekee kwa mifupa, hafifu sana, ya miliwati 30 tu kwa sentimeta ya mraba, inayotumiwa nyumbani dakika 20 kila siku. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu mwaka 1994, na kwa miaka mingi iliuzwa kwa ahadi ya kuharakisha kuunga. Kisha likaja jaribio kubwa lililochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2016. Watu 501 waliovunjika mfupa wa muundi na kufanyiwa upasuaji, katika hospitali za Amerika Kaskazini, waligawiwa mashine halisi na za kuigiza. Mifupa yao iliunga kwa muda uleule, na kurudi kwao kazini hakukutofautiana. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu na wagonjwa lilitoa pendekezo kali katika jarida hilohilo: isitumike kwa mifupa iliyovunjika. Kwa hiyo ndugu wa majeruhi wa bodaboda akiambiwa kwamba bila mashine hiyo mguu hautaunga, asikimbilie kuuza shamba. Mfupa ambao miezi tisa imepita haujaunga ni suala jingine, na la kuzungumza na daktari bingwa wa mifupa. Tena mashine ya kawaida ya fiziotherapia siyo ile ya mifupa. Nguvu yake ni wati nusu hadi wati 2 kwa sentimeta ya mraba, makumi ya mara zaidi, na kuielekeza mfululizo juu ya mfupa uliovunjika juzi ni kosa.

Tuseme sasa umeshauriwa na mtaalamu unayemwamini, naye ana sababu: kovu limekakamaa, au bega lina chokaa. Utajuaje kwamba unapewa tiba na si ibada tu?

Anza na eneo. Uso wa kichwa cha mashine kwa kawaida una ukubwa wa sentimeta 5 za mraba hivi, na kinaweza kutibu vizuri sehemu ya ukubwa wa mara mbili hadi nne ya hapo, basi. Anayekizungusha mgongo mzima kwa dakika tano kama apigaye pasi shuka hajamtibu mtu. Nguvu imetawanyika hata haifiki kipimo popote. Hesabu wanayoifuata wataalamu wengi ni dakika moja kwa kila sehemu inayolingana na uso wa kichwa, ikiwa mawimbi ni mfululizo. Yakiwa ya vipande, ambapo mashine huwaka sehemu moja na kuzima sehemu nne, dakika huzidishwa mara tano. Sehemu inayolingana na vichwa viwili itahitaji dakika 10. Uliza mtaalamu amechagua megahezi ngapi na kwa nini: 3 ni kwa vilivyo karibu na ngozi, kina cha sentimeta moja au mbili, kama kano za kifundo cha mguu, 1 ni kwa vilivyo ndani zaidi, sentimeta tatu hadi tano. Asiyeweza kulijibu swali hilo hajachagua chochote.

Jeli iwe ya kutosha, kwa sababu hewa huyarudisha mawimbi karibu yote. Kichwa kitembee muda wote. Kikisimama mahali pamoja joto hukusanyika, na dalili yake ni uchungu mkali wa ndani, kama mfupa unachomwa. Ukiusikia, sema palepale. Usijikaze kiume wala usione haya, maana uchungu huo si ishara kwamba dawa inaingia.

Mashine nazo huchoka. Mafundi walipozikagua mashine za fiziotherapia katika eneo la Lothian huko Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya nusu zilikuwa zikitoa nguvu iliyopishana na iliyoandikwa kwenye kioo kwa zaidi ya asilimia 30. Na hiyo ni nchi yenye mafundi na ratiba za ukaguzi. Kuuliza mashine ilipimwa lini mara ya mwisho si utovu wa adabu. Kituo kizuri kina kibandiko chenye tarehe. Kwa uangalizi wa haraka, mtaalamu huweka matone machache ya maji kwenye uso wa kichwa na kuwasha kwa sekunde chache: maji yakitulia tuli, hakuna kinachotoka. Mwachie afanye yeye, kwani kichwa kikiwashwa kikavu huharibika.

Wapo ambao mashine hii haiwafai kabisa. Mjamzito asipigwe tumboni, kiunoni wala mgongo wa chini. Haipiti juu ya saratani au pale inaposhukiwa, juu ya jicho, korodani, wala karibu na kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Watoto na vijana wanaorefuka wasipashwe joto kwenye ncha za mifupa. Mtu mwenye kisukari au ukoma ambaye miguu imekufa ganzi hawezi kujua kwamba anaungua, kwa hiyo asipewe mawimbi ya joto huko. Mguu uliovimba na kuuma kwenye shavu lake baada ya kulala kitandani muda mrefu au kufungwa plasta unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Yapo pia maumivu yanayovaa sura ya jeraha na kumbe siyo. Kijana wa miaka 15 anayesema aliumia goti kwenye mpira, lakini goti linamwamsha usiku na uvimbe unaongezeka wiki hadi wiki, anahitaji eksirei kabla ya mkono wa mtu yeyote kumgusa, maana saratani ya mfupa hupenda umri huo na mahali hapo. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa na kifua kikuu cha uti. Magonjwa haya yakipakwa jeli kwa miezi miwili, miezi hiyo hairudi.

Mashine ndogo za kununua mtandaoni na kutumia nyumbani nazitaja kwa ufupi: usinunue. Nyingi hazielezi zinatoa nguvu kiasi gani, na anayejitibu mwenyewe hana wa kumwambia kwamba tatizo lake halikuwa la mashine.

Kinachobaki ndicho kikubwa. Nichukue tena kifundo cha mguu, kwa kuwa anayekijua hicho ataielewa pia njia ya goti na ya nyonga.

Siku ya kwanza swali ni moja: kimevunjika au kimeteguka? Madaktari wa Ottawa nchini Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, waliandika mwaka 1992 kanuni ambayo leo hutumika duniani kote. Kama huwezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, wakati ulipoumia na pia ulipofika kwa daktari, nenda eksirei. Nenda pia kama ukibonyeza mfupa wenyewe kwa nyuma, katika sentimeta sita za chini za lile fundo la nje au la ndani, unapata uchungu. Uchungu wa kubonyeza mfupa wa katikati ya wayo, upande wa kidole kidogo au upande wa ndani, nao unahitaji picha. Vinginevyo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Siku mbili tatu za mwanzo acha kukanda kwa maji ya moto na acha kuchua. Najua ndiyo desturi ya nyumbani, na mama au bibi anayekushika mguu anakupenda. Lakini damu bado inavuja ndani, na joto na kuchua huongeza uvimbe. Funga bendeji ya kuvuta, inua mguu juu ya mto, tumia magongo kama kukanyaga kunauma sana. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, hupunguza maumivu. Mguu usiugandishe: chora herufi hewani kwa kidole gumba, mara kadhaa kwa siku.

Ukianza kukanyaga, kanyaga. Shika ukuta ujiinue kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha, siku zikienda, kwa mguu ulioumia peke yake. Simama kwa mguu huo nusu dakika, macho wazi, ukizoea, yafumbe. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa ikiwa kesho yake asubuhi mguu haujazidi kuvimba wala kuuma. Baada ya hapo ndipo kukimbia polepole, kukata kona, kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Mchezaji anayerudi uwanjani kabla ya kuweza kuruka hivyo atateguka tena, hata awe amepigwa mawimbi msimu mzima.

Kusimama kwa mguu mmoja kunaonekana mchezo wa watoto, na pengine ndiyo sababu wengi hawakuheshimu kama wanavyoiheshimu mashine yenye taa. Lakini Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa na BMJ mwaka 2009, wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka kifundo waligawiwa makundi mawili. Kundi moja lilipewa programu ya wiki nane ya mazoezi ya mizani, ya kufanya nyumbani bila kusimamiwa. Katika mwaka mmoja uliofuata, walioteguka tena walikuwa asilimia 22 katika kundi la mazoezi na asilimia 33 katika kundi lililoachwa na huduma ya kawaida. Linganisha na wale 606 wa mashine.

Kano ya kisigino inayouma kwa wakimbiaji ina habari ya aina hiyo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden waliwapa wakimbiaji 15 zoezi moja: kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, seti tatu za mara 15, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Kilichohitajika kilikuwa ngazi na uvumilivu.

Simwambii mtu aikimbie fiziotherapia. Kinyume chake, nataka aidai yote. Mtaalamu aliyesoma anajua zoezi lipi lianze, uzito uongezwe lini, na ni lini maumivu ni onyo. Ujuzi huo ndio unaoulipia, na mashine ni chombo kimoja tu mezani pake. Hakikisha amesajiliwa: Kenya, kwa mfano, ina baraza la wataalamu wa fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kama mfuko unatosha vipindi vitatu tu, mwambie hivyo waziwazi siku ya kwanza, na mwombe avitumie kukupima, kukufundisha na kukusahihisha. Kipindi ambacho umelala tu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kipindi ulichopunjwa. Na kama ulishahudhuria mara kadhaa na hujawahi kupewa mazoezi ya kufanya nyumbani, yaombe kabla hujalipia kipindi kinachofuata.